CMake kwenye ofisi yenye kompyuta za kila namna: tathmini kutoka Kijitonyama

Ofisi yetu ipo Kijitonyama, na kazi inayotulisha ni moja: programu ya kaunta ya duka, inayosajili mauzo, kuhesabu mzigo uliobaki stoo, kusoma uzito kutoka kwenye mizani ya kidijitali na kutoa risiti. Imeandikwa kwa lugha ya C++. Kompyuta za kaunta kule Kariakoo karibu zote ni za Windows. Kifaa kidogo tunachokifunga pembeni ya mizani ni Raspberry Pi inayotumia Linux. Dada anayesanifu mwonekano wa programu anatumia MacBook. Na siku hizi mwenye duka anataka aone mauzo ya siku kwenye simu yake ya Android akiwa ameshafika nyumbani Mbagala. Msimbo ni mmoja, lakini mahali pa kuujengea ni panne, na kila mahali pana kompaila yake (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine), namna yake ya kuandika njia za mafaili, na kichaka chake cha kufichia maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine.

Chombo kinachotuunganishia pande hizo nne ni CMake. Maelezo mengi kuhusu chombo hiki huishia kwenye mfano wa programu ya mistari mitano, ambayo hujengeka popote bila ubishi. Mimi nitaizungumzia CMake siku inapogoma, kwa sababu hiyo ndiyo siku inayokula muda wa ofisi na bando la intaneti. Ninaipendekeza, ila kwa sharti kwamba mtu ajifunze kuihoji kabla hajaanza kuilaumu, na sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo ni namna tulivyojifunza kuihoji, mara nyingi kwa kuchelewa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuigusa, CMake yenyewe haijengi programu. Inasoma mafaili yenye jina CMakeLists.txt, inaikagua kompyuta ili kujua kompaila na maktaba zilizopo, kisha inaandika maagizo kwa ajili ya chombo kingine ambacho ndicho kinachofanya kazi yenyewe: Make au Ninja kwenye Linux, Visual Studio kwenye Windows, Xcode kwenye Mac. Kipande kinachoandika maagizo hayo huitwa jenereta (si lile la umeme, ingawa nalo tumelihitaji sana). Ilitengenezwa na kampuni ya Kitware ya Marekani karibu na mwaka 2000, kwa ajili ya mradi wa kuchakata picha za kitabibu uliofadhiliwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo, mradi ambao ulitakiwa ujengeke kwenye Unix na kwenye Windows vilevile. KDE, mradi wa mwonekano wa eneo-kazi la Linux, waliichukua mwaka 2006, na Qt, maktaba ya kutengenezea madirisha ya programu, ikahamia kwake kuanzia toleo la 6, mwaka 2020. Haiuzwi, leseni yake ni ya BSD, kwa hiyo hata ofisi inayoanza na viti viwili vya plastiki inaweza kuitumia kwa kazi ya biashara.

Hatua zake ni tatu: kusanidi, kuzalisha maagizo, kisha kujenga. Kijana akija mezani kwangu akasema "kaka, imekataa", swali langu la kwanza ni imekataa hatua ipi, kwa kuwa dawa ya hatua moja haitibu nyingine. Ikikataa wakati wa kusanidi au kuzalisha maagizo, tatizo huwa ni maktaba au kompaila ambayo haikuonekana, au mafaili ya CMakeLists.txt yenyewe. Ikikataa wakati wa kujenga, tunasoma maneno ya kompaila au ya linka, yaani kile kipande kinachounganisha msimbo uliotafsiriwa na maktaba zake, na CMake tunaiacha ipumzike kwanza. Iko na hali ya nne, mbaya kuliko hizo zote: kila kitu kinapita, programu inazaliwa, halafu inafia mikononi mwa mteja.

Hali hiyo ya nne ndiyo iliyotufundisha kuhusu kashe. Kila CMake inapopata jibu la swali, kwa mfano maktaba ya SQLite, inayotunza hifadhidata yetu, ipo wapi, huliandika kwenye faili liitwalo CMakeCache.txt ndani ya folda ya ujenzi, na safari inayofuata haiulizi tena. Bila kumbukumbu hiyo kila badiliko dogo lingetulazimisha kusubiri ukaguzi wote upya. Lakini jibu likiwa si sahihi, nalo hukumbukwa kwa uaminifu uleule.

Tulikuwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo, mwenye kompyuta mpakato ya Windows. Kwake programu ilijengeka bila onyo hata moja, ikafunguka, kisha ikaanguka mara tu muuzaji alipojaribu kusajili bidhaa ambayo tayari ilikuwemo. Kwetu wengine haikuanguka. Tulimsumbua siku nzima tukidhani ameharibu hifadhidata. Ukweli ulikuwa kwamba amri yetu ya kuingiza bidhaa au kuisahihisha kama ipo inahitaji SQLite ya toleo la 3.24, la mwaka 2018, au jipya zaidi, ilhali programu yake ilikuwa imeunganishwa na SQLite ya zamani zaidi ambayo hakuna aliyejua ilipotoka. Ilitoka kwenye furushi la Python la uchambuzi wa takwimu alilolisakinisha akiwa mwaka wa kwanza chuoni na kulisahau. Furushi hilo lilikuwa limejiandika kwenye PATH, orodha ya folda ambazo Windows hupitia ikitafuta programu. Na CMake za Windows kuanzia toleo la 3.3 hadi la 3.27 zilikuwa na desturi ya kupitia PATH, na zikikuta folda inayoishia na bin, kurudi nyuma hatua moja na kuchungulia folda ya lib iliyo jirani. Toleo la 3.28 limeiacha desturi hiyo. Yeye alikuwa na la 3.25.

Tuliliondoa furushi hilo kwenye PATH, tukasanidi upya, na programu ikaanguka palepale. Hapo ndipo wengine walipoanza kupendekeza kusakinisha Windows upya, pendekezo ambalo Dar es Salaam hutolewa kwa kila ugonjwa wa kompyuta kama vile panado. Jibu lilikuwa ndani ya CMakeCache.txt, faili la maandishi ya kawaida ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua: mstari wa SQLite3_LIBRARY ulikuwa bado unaelekeza kwenye folda ya Python. CMake haikuwa imekosea. Iliuliza siku ya kwanza, ikajibiwa, ikaandika, na sisi ndio tuliobadilisha mazingira bila kuiambia. Amri ya cmake --fresh, iliyoingia kwenye toleo la 3.24, hufuta kashe na kuanza ukaguzi upya. Kuna nyingine, --debug-find, iliyokuwepo tangu toleo la 3.17, ambayo humwaga kwenye skrini kila mahali CMake ilipopita ikitafuta kitu na mahali ilipokikuta. Matokeo yake ni marefu kama orodha ya wapiga kura, lakini ukiyasoma kwa subira ubishi huisha. Tangu siku hiyo hakuna anayeruhusiwa ofisini kusema "kwangu inajenga vizuri" kabla ya kuonyesha mstari husika wa kashe.

Udhaifu ambao siwezi kuutetea ni lugha yake. Katika CMake, kigeu (jina linalobeba thamani) ambacho hakijawahi kupewa thamani hakizui chochote. Hugeuka kuwa utupu na kazi inaendelea. Sisi tuliandika SQLITE3_LIBRARIES mahali palipotakiwa SQLite3_LIBRARIES, tena kwenye kipande cha faili kinachosomwa Windows peke yake, kwa hiyo wenye Linux na Mac hawakuona kitu. Usanidi ulipita, ukatangaza kwamba SQLite imepatikana, kompaila ikapita, na mwishoni linka ikalalamika kwamba haiijui sqlite3_open. Tulitumia muda mwingi kuitafuta maktaba ambayo ilikuwa imeshapatikana, kwa sababu ya herufi tatu zilizoandikwa kubwa. Iko swichi ya --warn-uninitialized inayotoa onyo kwa vigeu vya aina hiyo, lakini lazima uiombe mwenyewe.

Dawa ya kudumu ni kuacha kabisa kubeba maktaba kwa vigeu na kutumia malengo yaliyoingizwa, majina maalumu ya maktaba yenye nukta pacha mara mbili kama SQLite::SQLite3. Jina la namna hiyo likikosewa herufi, CMake hukataa hapohapo na kutaja jina lenyewe, badala ya kuiachia linka ipige kelele nusu saa baadaye. Lengo hilo pia hubeba pamoja nalo folda ya mafaili ya vichwa na masharti mengine, kwa hiyo huhitaji kuyakumbuka moja moja. Kama ningekuwa na nafasi ya kumwambia anayeanza leo neno moja tu, lingekuwa hilo. Mafunzo mengi yanayozunguka mtandaoni ni ya miaka ya kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2014, na yanafundisha vigeu.

Mizani nayo ilituaibisha kwa njia yake. Kwenye kompyuta zetu uzito ulisomwa papo kwa papo, lakini kwenye Raspberry Pi namba zilikuwa zinajivuta kiasi kwamba muuzaji alikuwa ameshaondoa mfuko wa mchele kabla kifaa hakijatulia. Tuliilaumu Raspberry Pi kuwa ni dhaifu. Baadaye tukagundua kwamba CMAKE_BUILD_TYPE, kigeu cha kutaja aina ya ujenzi, ilikuwa tupu, na ikiwa tupu kwenye Make au Ninja, kompaila ya GCC haipewi agizo lolote la kuboresha msimbo. Kwenye Visual Studio kigeu hichohicho hakisomwi kabisa, kwa sababu huko aina ya ujenzi huchaguliwa wakati wa kujenga, kwa --config Release, wala si wakati wa kusanidi. Mtu aliyezoea upande mmoja akihamia mwingine huamini amechagua jambo ambalo hakulichagua. Tatizo hili tumelifunga kwa faili la CMakePresets.json, lililoanza kueleweka toleo la 3.19, ambalo ndani yake tumeandika mara moja kila kinachohusu Windows, Pi, Mac na simu, na kila mtu huita jina tu: cmake --preset mizani. Nimeona ofisi zinazoandika maagizo ya aina hiyo kwenye daftari au kwenye kundi la WhatsApp. Faili hili ni bora kwa sababu linatunzwa pamoja na msimbo na hubadilika pamoja nao.

Sasa niseme kuhusu bando, jambo ambalo sijaona likiandikwa na watathmini wa nchi ambako intaneti haihesabiwi kwa megabaiti. CMake ina moduli ya FetchContent, iliyoingia toleo la 3.11, inayopakua msimbo wa maktaba kutoka mtandaoni wakati wa kusanidi na kuujenga pamoja na programu yako. Kwa utatuzi wa hitilafu ni neema, kwa kuwa wote mnatumia maktaba ileile ya toleo lilelile, na mambo ya furushi la Python la mwaka wa kwanza hayapati nafasi. Tatizo ni kwamba vinavyopakuliwa huwekwa ndani ya folda ya ujenzi, kwenye folda ndogo iitwayo _deps, na desturi ya vijana wanapokwama ni kuifuta folda yote ya ujenzi. Kila kufuta ni kupakua upya. Wiki moja tulimaliza bando la mwezi kabla ya Alhamisi, na aliyeulizwa alijibu kwa unyenyekevu kwamba alikuwa "anasafisha".

Hatua tulizochukua ziliponya. Ya kwanza, tunatumia --fresh badala ya kufuta folda, kwa sababu amri hiyo huondoa CMakeCache.txt na folda ya CMakeFiles bila kugusa _deps. Ya pili, tumeweka FETCHCONTENT_BASE_DIR kwenye folda iliyo nje ya mradi, ili hata anayefuta kwa hasira asifute vilivyopakuliwa. Na maktaba zikishakamilika tunawasha FETCHCONTENT_FULLY_DISCONNECTED, nayo CMake huacha kabisa kugusa mtandao na kutumia kilichopo. Tahadhari ni moja: umeme ukikatika katikati ya upakuaji, maktaba hubaki nusu, na makosa yanayofuata hayataji neno mtandao hata kidogo, bali hulalamikia faili ambalo halipo. Katika hali hiyo tunafuta folda ya maktaba hiyo moja tu, tunaruhusu mtandao, na kusanidi tena.

Kutoka ofisini hadi kaunta kuna shimo jingine. Mama mmoja mwenye duka la vyakula alinipigia saa moja asubuhi siku ya kukabidhiwa toleo jipya. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa haraka na kusema: "Mwanangu, imeandika kuna kitu hakipo, na wateja wameshajipanga." Kilichokosekana ni faili la DLL, yaani maktaba ambayo Windows huipakia programu inapofunguliwa. Kwetu lilikuwepo kwa sababu kompyuta zetu zina kila kitu. Kwake halikuwepo kwa sababu tulinakili programu kutoka folda ya ujenzi na kuipeleka kwenye flashi, bila kupitia cmake --install. Kwenye Linux kosa hilo huonekana kwa sura tofauti: CMake huandika ndani ya programu njia ya folda ya maktaba za ujenzi ili ifunguke hapohapo ilipojengwa, na huifuta njia hiyo wakati wa kusakinisha. Windows haina utaratibu huo hata kidogo. DLL lazima iwe jirani na programu au kwenye PATH.

Toleo la 3.21 lilileta usemi wa TARGET_RUNTIME_DLLS, unaoorodhesha DLL zote zinazohitajiwa na lengo ili uzinakili kwa pamoja, nasi tuliukimbilia. DLL ya SQLite haikuwemo kwenye orodha. Nyaraka za CMake zenyewe zinaeleza sababu, kwenye aya ambayo mtu huiruka: maktaba iliyoingizwa huorodheshwa ikiwa tu inajua DLL yake ilipo, na moduli nyingi za kutafuta maktaba hutangaza malengo ya aina isiyojulikana, ambayo hupuuzwa. Sasa tunaijenga SQLite pamoja na msimbo wetu, na suala la DLL yake limekwisha. Kabla ya kukabidhi, tunaijaribu programu kwenye kompyuta moja kuukuu ambayo haijawahi kusakinishiwa Visual Studio wala chochote cha wataalamu. Hiyo ndiyo kompyuta yenye thamani kubwa kuliko zote ofisini, na hakuna anayeruhusiwa kuiboresha.

Kuna kasoro moja ambayo huenda haiwapati watengenezaji wa lugha nyingine kwa sura hii. Kwenye lebo za dirisha la Windows, ambazo tunaziandika kwa herufi za baiti mbili mbili, bidhaa iliyoitwa maziwa ya ng’ombe ilitokea na vijidudu vitatu katikati ya neno. Aliyeandika orodha aliinakili kutoka programu ya kuandikia barua, ambayo ilikuwa imekigeuza king’ong’o (alama ya ng’) cha kawaida kuwa kile kilichopinda, na kompaila ya Microsoft, isipoambiwa, husoma msimbo kwa usimbaji wa kompyuta husika badala ya UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote. GCC na Clang, kompaila za Linux na Mac, husoma UTF-8 bila kuombwa, kwa hiyo Linux na Mac hazikuonyesha dalili. Tiba ni swichi ya /utf-8, na uzuri wa CMake ni kwamba unaweza kuiweka kwa masharti, kwamba ipewe kompaila ya MSVC, hiyo ya Microsoft, peke yake, katika mstari mmoja, bila kuwasumbua wengine.

Kuhusu herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, na njia za Windows zinazozidi herufi 260, sitasema mengi. Mizani.h na mizani.h ni faili moja kwa Windows na kwa Mac iliyosanidiwa kawaida, na ni mafaili mawili kwa Linux. Hilo halina uhusiano na CMake. Mradi tuliuhamisha kutoka folda iliyokuwa ndani ya folda ndani ya folda za Desktop ukaenda C:\k, na lawama za njia ndefu zikaisha siku hiyohiyo.

Kujenga kwa ajili ya Pi kwenye kompyuta ya mezani kunahitaji sehemu yake. CMake hutaka faili la zana, ambalo hutaja kompaila ya ARM (aina ya prosesa ya Pi) na folda yenye nakala ya maktaba za Pi. Ukisahau kuweka CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_LIBRARY na mwenzake wa INCLUDE kuwa ONLY, itatafuta pia kwenye folda za kompyuta yako mwenyewe, iokote maktaba ya Intel, na linka iseme kwamba imeiruka kwa kuwa hailingani. Ukiviweka sawa bado pkg-config, chombo kingine cha kutafutia maktaba, inaweza kukusaliti, kwa sababu yenyewe husoma mafaili ya kompyuta uliyokalia mpaka uielekeze kwa PKG_CONFIG_LIBDIR. Na faili la zana huandaliwa mapema: ukilitaja baada ya kashe kuwa imeshaandikwa, kompaila iliyochaguliwa mwanzo haibadiliki, kwa hiyo hapo --fresh ni ya lazima. Android ilikuwa nyepesi zaidi kuliko tulivyohofia, kwa kuwa NDK, seti ya zana za kujengea C++ kwa Android, huja na faili lake la zana tayari. Kazi yetu ilikuwa kukumbuka kujenga mara mbili, kwa arm64-v8a (simu za biti 64) na kwa armeabi-v7a (za biti 32), maana simu za zamani bado ni nyingi mikononi mwa watu.

Mwezi Machi 2025 lilitoka toleo la 4.0, nalo liliondoa uvumilivu kwa miradi inayojitangaza kuwa ya CMake ya chini ya 3.5. MacBook ya ofisini ilisasishwa na kisakinishi chake cha vifurushi, na asubuhi dada wa usanifu akakuta maktaba ya printa ya risiti, iliyoandikwa zamani kwa toleo la 2.8, imekataa kusanidiwa wakati kwetu wengine inaendelea kama jana. Ujumbe wa kosa ulikuwa wa wazi na ulitaja dawa ya muda, yaani kupitisha CMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM yenye thamani 3.5. Tulifanya hivyo, kisha tukarekebisha mstari mmoja kwenye nakala yetu ya maktaba. Wapo walioona ni ukatili. Mimi naona CMake ilikuwa imebeba mizigo ya wengine kwa muda mrefu mno, na ujumbe unaosema tatizo pamoja na dawa yake ni hatua kubwa kwa chombo kilichowahi kusifika kwa kunyamaza.

Nimeijaribu pia Meson, mshindani wa CMake, kwa mradi mdogo wa pembeni. Lugha yake ni safi zaidi, kigeu kisichojulikana ni kosa hapohapo, na inakataa kabisa kujenga ndani ya folda ya msimbo. Ningekuwa naandika programu ya Linux peke yake ningeichagua. Lakini Visual Studio inafungua mradi wa CMake moja kwa moja, NDK inaijua CMake, na maktaba ya printa na ya mizani zote zilikuja na CMakeLists.txt zao, kwa hiyo kuhama kungekuwa kuandika upya kazi za watu wengine.

Nyaraka rasmi ni kamili na zina utaratibu mmoja mzuri, kwamba amri mpya huandikiwa toleo zilipoanzia, ila ni kamusi kuliko kuwa mwalimu, na ni za Kiingereza tupu. Kwenye miti hakuna wajenzi: maelezo yote yapo, lakini kumpata mtu wa kukaa na kijana saa mbili na kumwonyesha kashe inavyosomwa ni kazi, hata hapa Kijitonyama palipojaa wanafunzi wa kompyuta.

Kwa anayetaka kuanza na mchanganyiko wa mashine kama wetu, asiweke toleo la chini kabisa la CMake bila kufikiri. Ubuntu 22.04 huja na 3.22, ambayo haina --fresh. Debian 12, na kwa hiyo Raspberry Pi OS inayotokana nayo, huja na 3.25, na hilo ndilo toleo la chini tulilolitangaza kwenye mstari wa kwanza wa faili letu kuu. Ukaguzi wa kompaila unapofeli, kwenye matoleo ya 3.26 na kuendelea sababu huandikwa ndani ya CMakeFiles/CMakeConfigureLog.yaml, lakini kwenye Pi yetu bado tunafungua CMakeError.log ya zamani, katika folda hiyohiyo. Anayehitaji toleo jipya kuliko la mfumo wake anaweza kulipata kwa pip install cmake ndani ya venv (mazingira ya Python yaliyotengwa), bila kugusa mfumo wenyewe, na kwa bando dogo kuliko la kusasisha Ubuntu nzima.